Bunduki Iliyokuwa Tupu

Jumanne, 5 Agosti 2025

Kiogora amekufa. Nimeandika nione kama yanaandikika. Yanaandikika.

Leo asubuhi, kabla ya kuwapeleka wageni kutembea porini, tulisimama mbele ya Landkruza kuomba, kama kawaida. Na kama kawaida bunduki mbili ziliwekwa kando, zikaegemezwa kwenye bampa. Si adabu kumkaribia Mungu na silaha mkononi. Hiyo ni sheria ya Mzee Munyi, kiongozi wa sisi waongozaji wote hapa kambini, mzee wa kanisa kwao Manyatta, mtu ambaye hajawahi kukosea porini maisha yake yote — asiyeamini amwulize yeye mwenyewe. Tukafumba macho. Munyi akawaombea wageni, akamwombea dereva, akayaombea magurudumu, akaiombea serikali. Alipofika pale pa kukingwa na wanyama wakali, bunduki yake iliteleza, ikaanguka, ikalia.

Kiogora, mwenzetu anayebeba bunduki ya nyuma ya msafara, alikuwa amesimama upande wa pili, mikono ameikunja, macho ameyafumba. Wanasema hakuhisi kitu. Kila mtu ananiambia hivyo tangu asubuhi, na nimelishika neno hilo kwa sababu sina lingine la kushika.

Mnyama mkali hakuonekana siku nzima.

Alhamisi, 7 Agosti

Mkutano. Meneja wetu Lennox alikuja kutoka ofisi ya Meru mjini akiwa amevaa buti ambazo hazijawahi kuona tope. Akatupa pole. Akasema polisi wameichukua bunduki na uchunguzi unaendelea — yaani umelala.

Kisha akatusomea maelezo ya Munyi. Risasi zilikuwa kwenye magazini, chemba, pale risasi hukaa ikingoja kufyatuliwa, ilikuwa tupu, kama sheria inavyotaka. Risasi haipandi chemba mpaka hatari ionekane.

Kwa hiyo bunduki tupu imeua mtu. Na hakuna aliyecheka! Wapishi waliitikia kwa vichwa. Dereva akasema shetani ni mjanja. Tunaishi katika nyakati za miujiza, tena bila kutoa hata sadaka.

Nikauliza, basi ile risasi ilitoka wapi? Lennox akasema Kananu, huu si wakati wake. Nikauliza wakati wake ni lini. Akasema tutajulishwa.

Mimi ndiye ninayetembea katikati na wageni, nyuma ya mgongo wa Munyi, nikiwaonyesha ndege na nyayo. Nimemsikia akiwaambia wageni, kila kundi, kwamba nyati hangoji mtu atafute risasi. Wageni hulipenda neno hilo. Uwindaji ulipigwa marufuku nchi hii kabla sijazaliwa, lakini Munyi bado hujiita mwindaji, na mwindaji hatembei na bunduki iliyolala. Hubeba yake begani, mtutu ukitazama nyuma. Yaani ukinitazama mimi.

Lakini sijawahi kumwona kwa macho yangu akiipandisha hiyo risasi. Hutoka nayo hemani ikiwa tayari. Nina nini mimi? Nina stori zake tu.

Alhamisi, 14 Agosti

Tumemzika Kiogora kwao Mitunguu, chini kidogo ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Ilikuwa mazishi ya heshima. Mheshimiwa alikuja na msafara, akatuahidi barabara. Mhubiri alisema saa ya Kiogora ilikuwa imefika. Sijui kwa nini saa za watu hupenda kufika mbele ya bunduki ya mtu mwingine.

Kisha wakampa Munyi maikrofoni. Alilia, na machozi yalikuwa ya kweli, hilo sitambishia. Akasema Kiogora alikuwa kama mtoto wake. Akasema kwamba asubuhi ile kijana alimsaidia kuipangusa bunduki, hakujua kukataa kazi. Halafu akasema, polepole, kwamba pengine mkono wa kijana ulisahau kitu mle ndani. Tusimlaumu. Tumsamehe.

Tumsamehe! Marehemu, ndani ya sanduku, amesamehewa kwa kuuawa.

Na watu wakaguna kwa kuelewa, kwa sababu sasa hadithi imekaa sawa. Muujiza umepata mwenyewe. Kagure, mkewe Kiogora, aliinua kichwa akamtazama Munyi, kisha akatutazama sisi wa kambini mmoja baada ya mwingine.

Asubuhi ile Kiogora alikuwa jikoni na mimi. Tangu kulipokucha mpaka tunaitwa kwenye gari. Tulikuwa tunabishana kuhusu nani alimaliza sukari. Hakugusa bunduki ya mtu. Hata yake ilikuwa mlangoni, imefunguliwa, kwa sababu alikuwa mwoga wa bunduki kwa namna ambayo Munyi alikuwa akimcheka.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimepandishwa cheo. Bunduki ya nyuma sasa ni yangu. Mtihani wa shabaha nilifaulu zamani, kumbe kilichokuwa kikikosekana ni maiti.

Mkanda wake bado umepimwa kwa bega la Kiogora. Sijaurekebisha. Nimelia kwenye stoo, nikanawa uso, nikaenda kuwaonyesha wageni kinyesi cha tembo. Wakapiga picha.

Jumatatu, 25 Agosti

Semina ya usalama. Hatimaye! Nilifika mapema, nikakaa mbele.

Bango lilisema usalama wetu watoka juu. Mhubiri aliletwa. Akafundisha juu ya Danieli na simba mpaka saa ya chai. Baada ya chai bunduki zikapangwa juu ya meza, akazipaka mafuta ya upako, moja baada ya nyingine, na hakubana matumizi. Jioni nimekaa na kitambaa nikiyatoa mafuta matakatifu ndani ya bolti, kile chuma kinachovutwa kufungua chemba. Sijui kama ni dhambi. Kama ni dhambi, ni dhambi ya matengenezo.

Azimio la semina: tangu leo tutaomba mara mbili, kabla ya kwenda na baada ya kurudi. Yaani bunduki zitaegemezwa kwenye bampa mara mbili.

Niliinua mkono. Nikasema mimi pia ni mtu wa kuomba, mama yangu ni wa kina mama wa kanisa pale Kianjai na nimelelewa chini ya viti vya kanisa. Lakini kabla ya kufumba macho, kila mwenye bunduki afungue bolti, amwonyeshe mwenzake chemba, halafu bunduki ilale chini. Basi. Haiongezi hata dakika kwa maombi.

Mtu wa nyuma akasema huyu dada imani yake inayumba. Lennox akaona wageni wa ng'ambo wameanza kuuliza maswali kwa barua pepe, akasema wazo ni zuri sana, na kwa hivyo mimi ndiye Afisa wa Usalama. Nimebandikwa ukutani, jina na picha, kando ya kizimamoto. Kizimamoto nacho hakifanyi kazi. Tutaelewana.

Jumapili, 31 Agosti

Tulienda Manyatta kumwona Mzee Munyi. Amepewa likizo apumzishe roho. Tulibeba unga, sukari na mafuta ya kupikia, kama inavyopaswa kwa mtu aliyepatwa na jambo. Kwa Kagure tulikuwa tumepeleka vitu vile vile. Mfiwa na mwenye bunduki, kapu moja!

Mkewe, Mama Wawira, alitupikia. Akaniambia pembeni mzee hali chakula, hulala ameketi. Nimemwonea huruma. Nimekasirika kwamba nimemwonea huruma.

Wengine walipokuwa wakiimba sebuleni nilimfuata Munyi shambani, kwenye kahawa. Alikuwa akivunja vijiti vikavu bila sababu. Nikamwambia, "Mzee, Kiogora alikuwa na mimi jikoni ile asubuhi. Yote."

Aliendelea na vijiti. Kisha akaniita mwari, kama wazee wa huku wanavyowaita binti zao.

"Mwari, mtu akishakufa hana kesi. Mimi niko na kesi. Niko na watoto shule."

"Na jina lake?"

"Jina liko kwa Mungu. Hakuna mtu atalichukua huko." Akavunja kijiti kingine. "Na bunduki ilikuwa tupu."

Alisema hayo mawili, lawama ya Kiogora na bunduki tupu, kwa pumzi moja, na uso wake haukubadilika. Nadhani ameshayasema mara nyingi mpaka yamekuwa majirani wema.

Tuliomba kabla ya kuondoka. Sikufumba macho. Siku hizi sifumbi.

Jumatano, 10 Septemba

Kagure ameajiriwa jikoni. Lennox anasema kampuni inaishika mkono familia. Ameshikwa mkono, akapewa mwiko.

Leo alinijia nikipangusa viatu. Hakuzunguka. "Kananu, ni ukweli bwana yangu alijimaliza na uzembe wake? Mtoto ameulizwa hivyo shule. Ati baba yake hakujua kushika bunduki."

Nikamwambia si kweli. Nikamweleza jikoni, sukari, yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Na mbona hukusema Mitunguu?"

Nikasema maikrofoni haikunifikia. Akaniuliza wageni ni wangapi kwa chakula cha mchana, nikamwambia, akaenda.

Nina aibu. Sina mzaha wa kuweka hapa.

Ijumaa, 19 Septemba

Munyi amerudi! Amepokewa kwa wimbo. Lennox amempa bunduki nyingine, nzuri kuliko ile, kwa maana ile ya kwanza ilikuwa na ushuhuda wa kutoa mahali pengine. Dereva amemwambia karibu nyumbani Mzee, porini palikuwa baridi bila wewe.

Kagure alimpakulia chakula. Munyi alisema asante mama bila kuinua macho. Alikula kidogo.

Nimemwambia mbele ya Lennox kuhusu utaratibu mpya: fungua, onyesha, laza chini, ndipo tuombe. Akatabasamu. Akasema Afisa amesema. Lennox akacheka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Keshokutwa ni mapumziko. Jumatatu tunatembea.

Jumatatu, 22 Septemba

Naandika nimekaa juu ya sanduku la vinywaji, hapa kambini, kando ya gari. Tulipaswa kuwa tumeshavuka mto. Wageni ni watatu, bwana na bibi na baba mkwe. Wanadhani naandika majina ya ndege.

Ilikuwa hivi. Tulikusanyika kuomba. Nikavuta bolti ya bunduki yangu, nikamwonyesha dereva chemba, nikailaza chini kwenye turubai. Nikamgeukia Munyi. Akasema yake ameshaiangalia hemani.

Nikasema, "Sawa, Mzee. Fungua tena tuone."

Akasema nimemjua miaka yote hii. Nikasema ndiyo. Akasema namdharau mbele ya wageni. Nikasema hapana, yangu nimeifungua na sijapungua kitu. Hapo Lennox, aliyekuja kushuhudia siku ya kwanza ya utaratibu, akapendekeza tuombe kwanza halafu tuzungumze. Nikasema leo hakuna mtu atakayefumba macho mbele ya bunduki ambayo haijafunguliwa, na mimi sitembei.

Munyi akaenda akakaa kwenye kigogo, bunduki juu ya magoti. Mtutu ulikuwa unaelekea kwa baba mkwe. Nikawahamisha wageni wote upande huu, nikiwaambia huku kuna kivuli kizuri zaidi. Hakuna kivuli chochote huku. Wamefurahi, wanadhani ni sehemu ya ratiba. Bibi amenipiga picha.

Lennox yuko nyuma ya gari anapiga simu ofisini. Nasikia tu akisema ndiyo, ndiyo, ni yule dada. Kisha ndiyo tena. Kazi yangu inaamuliwa huko nyuma ya gurudumu la akiba, na naogopa, kwa sababu nami niko na watoto shule.

Nimemwambia Munyi neno moja la mwisho, kwa sauti ya kawaida, nikiwa mbali naye. Nimemwambia, "Mzee, kama iko tupu, ivute tu. Nitakuomba msamaha hapa hapa, mbele ya wageni. Nitaenda Manyatta nimwombe na Mama Wawira. Na kwa Kagure nitasema nilikosea, bwanake ndiye aliyesahau risasi."

Kuvuta bolti ni kitu cha mkono mmoja. Hata mtoto anaweza. Ingekuwa tupu, angeniaibisha kabla sijamaliza sentensi, tukaomba, tukaenda kuona twiga.

Kagure ametoka jikoni na birika la chai ya pili. Amewamiminia wageni, akampelekea Lennox kikombe. Nilidhani atarudi ndani. Ameweka birika chini, amekuja kusimama hapa kando yangu, mikono kwenye aproni. Hajaniuliza kinachoendelea. Anautazama mkono wa Munyi.

Mkono uko juu ya bolti. Uko hapo tangu nianze kuandika ukurasa huu. Haujavuta.