Zohali Katika Nyumba ya Jua

Molo, Jumamosi, Julai 1956. Baridi kali, umande umeganda juu ya viazi.



Mwezi wa tano, memsabu wa Kizungu ninayempikia alimpigia Stefano ramli ya nyota. Stefano ni dereva wa lori la maziwa, na wazee wake walikuwa wameshaleta blanketi la mama, kuniposa. Memsabu alipekua vitabu vyake, akatikisa kichwa: Zohali ya Stefano imekaa katika kundi la nyota la Simba, nyumba ya Jua, na humo Zohali ni mgeni asiyetakiwa. Mume wa namna hiyo ana moyo wa barafu. Nikamwomba shangazi alirudishe blanketi. Kwetu blanketi likirudi, maneno yamekwisha.

Leo nikipeleka chai nilimwuliza memsabu ni nani aliyezigawia nyota nyumba. Nilidhani atasema Mungu.

"Watu wa kale," akasema. Wa Babeli ndio walioanza, kila nyota wakaipa mahali pake pa siri, pa heshima. Baadaye Wayunani wa Misri wakagawa nyumba kwa kufuata majira. Jua likapewa Simba kwa kuwa ndio mwezi wa joto kali. Zohali, nyota ya mbali isiyo na joto, ikapewa miezi ya baridi.

"Na Simba ni mwezi gani, memsabu?"

"Si huu? Julai mpaka Agosti."

Alisema hivyo amejifunika shali mbili, miguu karibu iingie motoni.

"Lakini huu ndio mwezi wa baridi."

"Kwenu," akasema, akacheka, akaomba sukari.

Nilibaki nimeshika birika kama mjinga. Kwa hesabu hiyo, hapa Molo Simba ni mwezi wa baridi, na Zohali iko kwake kabisa! Nimemkataa mtu anayesimamisha lori kila asubuhi ampandishie mama pipa la maji mlimani, kwa sababu ya joto la Misri, nchi ambayo hata memsabu hajafika. Na mama alilikunja tu lile blanketi.

Nimeshtuka, nimejikasirikia.

Shangazi anasema wazee wa Stefano wanatazama binti mwingine huko Elburgon. Kama wameshaposa, hajui.

Mwanamke hafuati posa aliyoikataa. Nitachekwa kanisani mpaka Krismasi. Lakini kesho baada ya ibada naenda kwa mama yake Stefano, peke yangu, bila shangazi. Wakinifukuza, wanifukuze nikiwa mlangoni pao.