Damu Iliyokataa Kuganda

Tunduma, 19 Machi 2007

Kwa dada Tusekile,

Shikamoo dada. Naamini hapo Ihanda mnaamka salama, watoto wanakula na kahawa imebeba. Mimi mzima, meno yote yapo, ila roho ndiyo inanuka.

Umeniuliza kama nilikuwepo mumeo alipopigwa. Nilikuwepo. Wanasema shemeji Osea alimwekea Sadock sumu kwenye pombe, ndiyo maana sasa kafungwa pingu kwenye kitanda cha hospitali.

Ngoja nianzie kwa ng'ombe. Mwezi uliopita mimi na Sadock, mwenzangu wa bucha, tulimnunua mmoja kule Momba. Mzee mwenyewe hakutuficha, alisema zizi zima linatupa mimba tangu mvua zianze, na huyu ana homa. Bei ya mbuzi, dada, tukabeba. Tulimchinja uani bila bwana afya. Damu huwa tunakinga kwenye beseni, ikiganda tunaikata vipande tunawakaangia wanywaji. Hii ilishinda kutwa majimaji. Nikamtania Sadock tuwauzie Wazambia kama jusi. Akacheka mpaka kisu kikamkata kidole.

Siku ya tano, homa. Ya nane damu ikamtoka puani na kwenye fizi, hata pale alipochomwa sindano haikukata. Akatapika nyeusi kama machicha ya kahawa, akafa ameshika shati langu. Daktari aliniita pembeni akasema wanahisi ni homa ya mifugo. Inakula ini, na ini ndilo linatengeneza vitu vya kugandisha damu. Vikiisha, mtu anavuja kama paa bovu.

Habari za yule ng'ombe sikumwambia.

Tulipotoka kuzika, watu wakauliza nani kamuua. Osea walikuwa wamegombana naye kilabuni. Wakamburuta kutoka dukani, mkono wakauvunja kwa mchi, kichwa wakakipasua kwa tofali, mwingine tayari kashika tairi. Polisi wakafyatua risasi juu, ndiyo kupona kwake.

Dada, jina lake nililitaja mimi. Lile tofali pia ni langu. Niliogopa wakiuliza habari za nyama, tairi litanivaa mimi.

Nikimkabidhi kondakta barua hii naenda kituoni kusema yote, wamfungue shemeji, na waliokula ile nyama wakapimwe. Kama unataka kunipiga, wahi, huku tayari kutakuwa na foleni.

Wasalimie watoto. Mama usimsomee.

Mdogo wako,
Lwitiko