Kasa Amepona, Mama Mkwe Hataki Aondoke

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijafukuzwa kazini au kwenye ukoo, maana mimi ndiye niliyechora ramani ya bustani ya viumbe wa baharini inayojengwa hapa kwetu, mtu mzima mwenye kitambi na upara unaong'aa kuliko vioo vya matangi yangu, na nilisimama mbele ya kamati nikaapa kwamba humu hatafungwa mnyama mwenye afya, ni majeruhi tu, watibiwe, wanafunzi wajifunze, kisha warudi baharini, na maji tutayasafisha kwa majani ya bahari badala ya mitambo inayokula umeme, wakanipigia makofi, na aliyepiga kuliko wote ni mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye pia ni mama mkwe wangu.

Sasa mgonjwa wetu wa kwanza, kasa aliyekatwa na wavu, amepona kabla ya ufunguzi, na mama hataki aachiwe, eti mgeni rasmi ataonyeshwa nini, nikamkumbusha kanuni, akanijibu, "Baba, umejenga hospitali, halafu unataka watu walipe kiingilio waje kutazama vitanda vitupu?" Ukweli ni kwamba kila alasiri huja na kigoda chake, humlisha kasa majani kwa mkono huku akimpa habari za majirani, na mimi niliyechora bomba la chakula ili mnyama asimwone anayemlisha, nilimfungulia mlango mwenyewe, kwa sababu tangu apate kasa wa kuzungumza naye ameacha kunisema mimi. Jana daktari wa wanyama kaniambia kasa ameanza kumfuata kila anayesogea ukingoni, na akizidi kuzoea watu hataweza tena kuishi baharini. Mke wangu anasema, "Mama ni wangu, bustani ni yako, mimi simo." Nifanyeje?

Mchora Ramani

Mchora Ramani, pole, ila nakupa nusu tu. Umenunua amani ya nyumbani kwa konzi za majani, na anayelipa ni kasa. Mtu mzima hovyo.

Mama mkwe wako hana haja na mgeni rasmi. Mtu aliyezoea shule nzima imsikilize sasa anamsimulia habari mnyama asiyejibu, na wewe unamsomea kanuni. Hayo macho yako ni ya kuchorea tu?

Leo hii funga mlango wa tangi, hata kwake. Mwambie usoni, "Mama, kosa ni langu, nilikuacha uingie nikijua kanuni." Usimtume mkeo. Daktari akisema kasa aachiwe kesho, basi kesho. Kasa hana habari na ratiba ya ufunguzi. Mwombe mama awe ndiye wa kumwachia baharini, na wanafunzi waje kuona. Mgeni rasmi akifika, mwonyesheni tangi tupu, mama aeleze kwa nini ni tupu. Ataeleza mpaka mgeni aombe kiti. Baadaye mpe kazi ya kuwatembeza watoto wa shule; hao hujibu, tena hubisha.

Akilia pale ufukoni, usimhutubie habari za uhifadhi. Mshikie viatu tu.