Nimefika Jabalini kwa Kuogelea

Ano Platani,
Karpathos.
14 Septemba 2019

Mpendwa kaka Fotis,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mgongo unaendeleaje? Natumaini baridi ya huko Melbourne imeanza kulegea. Sisi hatujambo. Mama ametimiza themanini na sita, anakula vizuri, na anasikia lile analotaka tu.

Sasa kaa kitako, kaka. Nimeogelea. Mimi Argyro, niliyefikisha miaka sitini na moja kisiwani bila kuingia majini kupita magoti. Sababu unaijua: wimbi lilinipindua nikiwa na miaka saba, nawe ukanibandika jina la Nanga mbele ya kijiji kizima.

Jirani yetu Stamatia alichoka na visingizio vyangu. “Shoga, utazikwa mkavu,” akaniambia. Nikamjibu sitaki kuchekwa na watu wa bandarini. Basi akanipeleka Halikaki, ile ghuba ya kokoto nyuma ya majabali, ambako hata mbuzi hushuka kwa kusitasita. Hakukuwa na mtu, ila mlio wa kokoto zikivutwa na maji.

Tulishuka asubuhi kumi na tisa. Siku ya kwanza nililia. Siku ya nne nilimeza maji nikamtukana yeye na ukoo wake. “Tukana, lakini piga miguu,” akasema. Siku ya kumi na mbili aliuondoa mkono wake mgongoni mwangu kimyakimya, nami nikabaki naelea.

Jumanne nikaliendea lile jabali la majini ambalo ninyi wavulana mlikuwa mkijirusha kutoka juu yake. Katikati hofu ikanishika, nikageuka kumtafuta Stamatia. Alikuwa ameketi ufukoni akila tini. “Unaniangalia nini? Jabali liko mbele yako.” Nikaenda. Nililikumbatia, Fotis, nikapanda juu, nikacheka peke yangu mpaka mbavu zikauma.

Nilimweleza mama. “Mimi sikuthubutu hata siku moja,” akasema. “Nipeleke nione.” Jana tulimshusha kwa punda. Akaketi juu ya kokoto na gauni lake jeusi, miguu majini, nami nikaogelea kwenda na kurudi mbele ya macho yake. Niliporudi nilimkuta amesimama bila fimbo, maji yamemfika magotini, amenyoosha mikono kunipokea.

Msalimie wifi Evdokia na mwanao Manolis. Mama wa Mungu awafunike kwa vazi lake.

Wako akupendaye, ambaye nywele zake bado zina chumvi,
Argyro