Nani Alimuua Muzee Mbusa, na kwa Nini Banasema ni Mimi

Jumatatu, 1 Septemba

Garaji tena. Kamio yangu, hii lori ya mizigo, iko juu ya magogo, tumbo wazi, na Kasereka yuko chini yake anaimba nyimbo za kwaya. Anasema pompe ya mafuta imekufa. Anasema vile kila mwezi. Butembo imejaa mafundi, lakini nabaki na huyu juu ananichekesha.

Tukarudia mambo ya Muzee Mbusa. Kila mara kamio ikikufa, tunamufufua Muzee. Aliuawa mwaka jana, mwezi wa sita, katika shamba lake la kakao kule Kalunguta, kijiji ambako ninapakiaka makemba, ndizi za kupika. Asubui muke wake alimuachia uji kwenye kibanda cha shamba. Saa sita akarudi, akamukuta chini, kichwa kimepigwa. Radio ilikuwa bado inaimba. Mbuzi ilikuwa bado kwenye kamba. Donc, basi, si batu ba pori. Bale baasi benye bunduki hawaachi mbuzi. Polisi balikuja, baliuliza, balienda. Mupaka leo hakuna anayejua.

Kasereka anasema ni jirani yake, Katembo. Nguruwe ya Katembo iliingia kwenye mihogo ya Muzee, Muzee akaikata muguu. Nikamwambia hakuna mutu anaua mutu juu ya nguruwe. Akatoa kichwa chini ya kamio: "Wewe ni Mwislamu. Hujui nguruwe."

Nilicheka mupaka machozi. Siku nzuri, hata bila kazi.

Jumatano, 3 Septemba

Bado pompe. Mimi nilikuwa nasema ni mutoto wa dada yake Muzee, ule kijana anayetaka shamba liuzwe. Kasereka amemufuta leo. Siku ile kijana alikuwa Butembo, kwenye tamasha la kwaya. Kasereka alimuona kwa macho yake, mustari wa nyuma, anaimba vibaya.

Mama mumoja alileta pikipiki yake kutengenezwa, akasikia, akakaa. Yeye anasema ni bibi wa pili, muke mudogo. Muzee hakuwa na bibi wa pili. Haikumusumbua. Akasema basi ndiyo sababu hakuna aliyemukamata.

Napenda mazungumuzo haya kuliko mupira. Sioni aibu.

Ijumaa, 5 Septemba

Kamio imewaka! Moshi ulijaza barabara yote, Kasereka akacheza ndani yake kama bwana arusi. Nikatoka pale moja kwa moja kwenda musikiti, nanuka mazutu, mafuta ya kamio. Batu balinipa nafasi kubwa.

Kesho Kalunguta. Kesho Kavira.

Namuandika mara chache juu nikianza siachi. Anauzaka chayi na mandazi pale kamio zinasimama. Mujane, kama mimi. Sauti nzito, mikono ya kazi, hasira ya karibu na cheko la karibu zaidi. Mwaka jana nilipeleka neno la ndoa kwa familia yake. Aliyekataa ni baba yake mudogo. Muzee Mbusa mwenyewe. Alisema mutu wa barabara ana muke kwenye kila bariere. Mungu ni shahidi, kwenye bariere, pale askari banasimamisha kamio, nimepata matusi tu. Halafu Muzee akauawa, wakati wa kilio ukaingia, na mimi nikangoja. Sasa wakati umetimia. Nitapeleka neno tena.

Nimenyoa.

Jumamosi, 6 Septemba

Siku mbaya.

Nilifika na furaha yote. Nilisalimia "Wavukire" kwa kila mutu, kama kawaida. Balijibu chini chini. Bapakizi, bale banaotukanana na kuimba, balipakia makemba kimya, mbio. Kavira aliniwekea chayi, hakukaa. Nilimuuliza kama mugonjwa. Akasema, "Kunywa, Papa Saidi. Uende mbele ya mvua." Hakukuwa na wingu.

Wakati wa kurudi nilibeba mama mumoja muzee, anaenda kwa binti yake Butembo. Tulifika kwenye bariere ya mwisho. Halafu akaniambia, polepole, kama mutu anayetoa mwiba:

"Papa, kule banasema ni wewe ulimuua Muzee."

Karibu nivunje bariere.

Nikamuuliza kwa nini mimi. Akanieleza yote, na lazima niseme kweli, ni kesi nzuri. Muzee alinikatalia Kavira. Na siku ile nilisema niko Kasindi. Kaka yake Kavira anafanya kazi ya kupitisha mizigo ya batu kwenye douane ya Kasindi, pale ushuru unalipwa mupakani. Amekuja kijijini majuzi, amesikia habari ya ndoa, akasema kamio yangu haikufika Kasindi wiki ile. Hata kivuli chake. Donc nilidanganya. Donc ni mimi.

Kama ingekuwa mutu mwingine, na mimi ningesema ni yeye.

Jumapili, 7 Septemba

Nilidanganya, ni kweli. Siku ile sikuwa Kasindi. Nilikuwa Beni, kwa dentiste, ninawekewa meno.

Meno ya mbele ya juu yaliondoka zamani, manivelle, chuma cha kuwashia kamio kwa mukono, ilinirudia usoni. Miaka yote nilicheka na mukono mbele ya mudomo. Halafu nikakutana na Kavira, anayechekesha mutu mupaka mukono unasahau kazi yake. Nikaenda Beni kwa siri. Asubui yote niko kwenye kiti. Muchana simu ikalia, ni Kavira, analia, Muzee ameuawa. Mimi mudomo umejaa ile plasta ya kupima, siwezi kusema hata neno. Nikamupa dentiste simu. Akamwambia, "Bwana hawezi kusema sasa." Baadaye Kavira aliniuliza ule mutu ni nani. Nikajibu, karani wa douane. Kasindi. Neno la kwanza lililokuja.

Hata Kasereka hajui. Mutu wa umri wangu, nimebeba mizigo mupaka Bunia, naogopa batu bajue habari ya meno.

Nafikiri sana juu ya Katembo, mwenye nguruwe. Tulimuua yule kwa maneno mara ngapi pale garaji? Na yeye anakaa kule, mulango kwa mulango na mujane wa Muzee. Ninasikia vibaya.

Jumanne, 9 Septemba

Nilimwambia Kasereka yote. Kwanza hakuamini meno. Nikamuonyesha. Akalala chini kwenye mafuta, akacheka mupaka mafundi ba garaji jirani bakakuja kuona nani ameumia.

Halafu akakaa, akapanguza macho, akasema kitu ambacho sitasahau. "Ndugu yangu, usikasirike. Mimi nilikuwa nimekuweka wa ine kwenye majina ya bale banaoweza kuwa muuaji."

Wa ine! Anakula mukate wangu na ameniweka wa ine! Aliona nilikuwa kimya kila mara tukifika kwenye siku yenyewe. Nilikasirika mupaka chayi ikapoa. Halafu nikamuuliza wa tatu ni nani.

Magharibi Kavira alipiga simu. Sauti kavu. Familia itakaa Jumamosi, na chef wa kijiji atakuwa pale. Nikuje niseme nilikuwa wapi, ao nisikuje tena hata siku moja. Nilitaka kumueleza palepale. Akasema hapana, hataki kusikia peke yake, asije akaambiwa amenificha.

Anaogopa. Hilo ndilo linaniumiza.

Alhamisi, 11 Septemba

Beni. Niliomba njia nzima dentiste asiwe amehama. Yuko palepale, juu ya duka la viatu, amenenepa. Hakukumbuka uso wangu. Akasema, "Fungua." Nikafungua. "Aa! Bwana wa simu! Ule mama alilia sana. Muzee wenu alizikwa vizuri?"

Nilitaka kumukumbatia. Nikamueleza. Hawezi kuacha bagonjwa akuje Kalunguta, lakini atajibu simu siku ya Jumamosi, muchana. Akaangalia meno tena, akayasugua bure, akasema kazi nzuri kama ile ilistahili kuonekana na batu bengi.

Nikarudi naimba kidogo. Kidogo tu. Bariere mbili, mvua mbili.

Jumamosi, 13 Septemba

Niandike yote mbele ya kulala, nisisahau.

Balikuwa bengi. Familia, majirani, na bale ambao hawana kazi. Chef kwenye kiti. Mujane wa Muzee kwenye mukeka, kitambaa cheusi kichwani. Kavira nyuma yake, haniangalii. Katembo amesimama mbali, karibu na ua, peke yake. Sikuwa nimewahi kumuona mupaka leo. Ni mutu mufupi, anakohoa. Hana sura ya muuaji. Na mimi je, nina sura gani?

Kaka yake Kavira alisema vizuri, bila matusi. Wiki ile kamio ya Saidi haikufika Kasindi. Donc ilikuwa wapi? Batu balinong'ona. Mutu mumoja nyuma alisema kwa nguvu nifungwe kwanza, nijibu baadaye.

Nikasimama.  Nikasema nilikuwa Beni kwa dentiste. Hakuna aliyeamini. Kaka akauliza kwa upole, "Papa, mutu anaficha dentiste juu ya nini?"

Basi nikayatoa meno. Mbele ya chef, mbele ya familia, mbele ya Kavira. Nikayaweka kwenye kiganja na kuyanyanyua juu. Nikasema, bila meno, "Dhuu ya hii."

Mujane wa Muzee, yeye wa kwanza, akapiga cheko moja kubwa, akaziba mudomo. Ikawa basi. Kijiji kizima kikaanguka. Chef alishika kiti chake kwa mikono mbili.

Lakini kaka hakucheka. Akasema meno hayaonyeshi siku. Ni kweli. Nikapiga simu, nikaweka sauti kubwa. Reseau ya simu ilikatika. Nikapanda juu ya kamio, mudomo mutupu, simu juu. Ikashika. Dentiste akaanza, "Allo, bwana hawezi kusema?"

Kavira akasimama. "Ni yeye! Ni ile sauti! Aliniambia vile vile, siku ile, nikilia!"

Halafu dentiste akaeleza yote, asubui mupaka muchana, na chef akauliza mara mbili, na kaka akauliza mara tatu. Mwishoni kaka akaja kunipa mukono. Akasema samahani. Nikamwambia na mimi ningeuliza vile vile.

Batu bakaanza tena kufurahi, na palepale mutu mumoja akasema, basi kama si Saidi, ni nani? Na macho yakaenda kwenye ua, kwa Katembo. Niliyaona yakienda. Wiki jana, macho yangu yangeenda nayo.

Mujane akasimama. Si mama wa maneno mengi.

"Tumecheka, ni vizuri. Tangu bwana yangu akufe sikuwa nimecheka. Lakini kila nyumba hapa imeniletea jina. Nyumba hii jina hili, nyumba ile jina lile. Bananiletea jina kama vile banavyoleta chakula cha kilio. Hakuna aliyeona. Siku mutu akiona kitu kwa macho yake, aende kwa chef. Majina mimi nimechoka."

Halafu akamuita Katembo akuje akae kwenye mukeka. Alichelewa kutembea, kama mutu ambaye hajaelewa lugha. Akakaa.  Nilimuona akipanguza uso na mukono wa shati.

Kavira alinifuata kwenye kamio. Hasira yote usoni. "Ulifikiri nataka meno? Siku hizi zote nimelala na wasiwasi, juu ya meno?"  Nikasema wasingya, asante, samahani, yote pamoja. Akaniangalia, akashindwa, akacheka. Akaenda. Akarudi. Akasema nitume neno kwa kaka yake, kaka atasikia.

Jumatatu, 15 Septemba

Garaji imejaa, kila mutu anataka kusikia. Nilieleza mara ine, na kila mara kamio niliyopanda inakuwa ndefu zaidi. Kasereka aliuza hadithi kwa bateja kama vile alikuwa pale.

Jioni akaanza, "Sasa, wa pili kwenye majina yetu..." Nikamwambia hapana. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikamweleza mutu mufupi anayekohoa karibu na ua. Kasereka akachukua ufunguo wa boloti, akarudi chini ya kamio ya muteja. Baada ya muda akaanza kuuliza habari ya arusi, kama kwaya ya Baprotestanti inaweza kuimba pale. Nikasema ndiyo, ila ule kijana wa mustari wa nyuma abaki nyumbani.

Jumapili, 21 Septemba

Leo tulivunja kakao ya mujane. Kavira aliniambia nikuje na mikono, si na kamio. Tulikuwa batu bachache. Kavira, kaka yake ambaye bado hajarudi Kasindi, Katembo, na mimi. Mujane alipasua, sisi tukatoa mbegu. Mikono inateleza, inzi nyingi. Katembo alinionyesha namna ya kupasua bila kukata mbegu. Alisema anafuga bata sasa. Nguruwe hapana tena.

Hakuna aliyetaja siku ile, hata tulipopita karibu na kibanda. Mujane alisimama pale kidogo, sisi tukangoja, halafu tukaendelea.

Kaka alisema arusi ikuwe baada ya mavuno. Alisema vile vile tu, akifunga gunia. Kavira hakunyanyua kichwa, lakini alinipa mbegu zilizo na ile nyama yake nyeupe, nikazinyonya. Tamu.

Mvua ilianza alasiri. Tukafunika kakao na turubai, halafu tukakaa sisi bote chini ya majani ya makemba, mabega yakigusana, tukingoja ipite.