Mama Yako na Safari Zetu za Kiangazi

Nyumba ya kona,
Nyuma ya shule ya zamani,
Tarehe 9 Mei.

Mpendwa mpwa wangu, Bi Maswali,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na mumeo na wale mapacha wenu. Hamjambo nyote? Kikohozi cha yule pacha mwembamba kimekwisha? Na goti la mumeo je? Mwambie mkwe wangu asipande ngazi wakati bado anachechemea. Kuta za watu zitaisubiri rangi.

Ukiniuliza hali yangu, nipo. Moyo umechoka na miguu imevimba. Daktari siku hizi akimaliza kunipima huzungumza na wengine nje ya mlango, nami nimefundisha miaka ya kutosha kujua maana ya mwalimu kumwita mzazi pembeni. Usilie lakini. Nacheka, nalala vizuri, na kitanda changu kimesogezwa dirishani, kwa hiyo nawaona wanafunzi wakikimbizana wanapotoka shule.

Mama yako huja kila alasiri na bakuli la uji. Nikigeuza uso, ananikemea: "Kaka, usinifanyie utoto. Fungua kinywa." Dada mdogo amegeuka kuwa mkubwa wangu, nami sina nguvu ya kubisha.

Barua yako ilinifurahisha sana. Kumbe mnakuja likizo hii ya kiangazi, na umepanga kuwazungusha mapacha kote tulikopita mimi nawe ulipokuwa mtoto: ngome, mapango, mnara wa taa, na mwisho maporomoko. Nilisoma nikitabasamu mpaka nilipofika pale ulipoandika, "Mama usimsumbue, hajawahi kuzipenda safari zetu." Hapo nikaikunja barua. Tangu siku hiyo sina raha, na ndiyo maana leo nimeomba kalamu, ingawa mwandiko umepinda kama unavyouona.

Acha nianze na dogo, nipate ujasiri wa kufikia kubwa. Mimi sikuyapenda magofu hata kidogo. Nilikuwa mwalimu wa hesabu; jiwe la kale na jiwe la jana kwangu yote ni mawe. Kila tulikokwenda, nilisoma kibao cha langoni haraka haraka wewe ukinywa maji, na maelezo yalipoishia nikaendeleza kwa kichwa changu.

Unakumbuka ngomeni? Mwongoza wageni alipotuambia kile chumba cha chini kilikuwa ghala la nafaka, ulimkatiza mbele ya kundi zima: "Hapana, lilikuwa bafu la malkia. Mjomba ameniambia." Yule bwana akanigeukia: "Bwana mkubwa, huyu mtoto umemlisha nini?" Nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa ndala. Leo wewe ni mtaalamu wa kutunza majengo ya kale, nami miaka yote hii nimekuwa na hofu usije ukaliandika lile bafu mahali. Ukimkuta yule mwongoza wageni bado yupo, niombee radhi.

Sasa utauliza, kama sikuyapenda, nilikuwa nakupeleka kwa nini?

Nilikupeleka kwa sababu mama yako aliniomba. Baba yako alifariki katika miezi ya joto, na kila miezi hiyo iliporudi, mama yako aliugua. Hakuwa na homa wala jeraha. Alikuwa hapati usingizi, hali chakula, anaweza kushinda siku nzima akiwa na nguo ya kufua mkononi asijue aifanyie nini. Daktari aliuita ugonjwa huo sonona, akamlaza wodini. Shule zenu zilipofungwa, mama yako alinishika mkono akasema, "Kaka, mpeleke popote. Asinione hivi."

Aliniapisha nisimwambie mtu. Ndugu za baba yako walikuwa tayari wanasema wewe ni damu yao na ungelelewa vizuri zaidi kwao. Wangesikia amelazwa kwa maradhi ya kichwa, wangekuchukua siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mtaani tulisema anasaidia kazi kwa rafiki yake, na wewe nikakuonyesha mapango.

Kosa langu kubwa ni la mwaka ule wa maporomoko. Alikuwa amepata nafuu, akasema safari hii tunakwenda wote. Ulimfungia mfuko wewe mwenyewe, ukatia na kofia yako ya akiba ili jua lisimchome. Kituoni alipanda, akakaa kando yako. Basi lilipoanza kunguruma nikaona amekishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Alinitazama, nikaelewa. Akasimama. Konda akamuuliza, "Mama, unasafiri au unasindikiza?" Akashuka.

Uliniuliza anakwenda wapi, nami nikakujibu, "Ana kazi." Wewe ulikuwa unatazama nje. Ukasema, "Basi abaki na kazi yake." Hukumwomba tena kwenda nasi popote, wala baadaye hukumwomba jambo lolote kubwa. Nimekaa nikikutazama ukikua ukimheshimu mama yako kama mtu anavyomheshimu jirani.

Mwanangu, hakuwa na kazi. Kutoka kituoni alikwenda hospitali kwa miguu, peke yake, akawaomba wampokee. Neno "kazi" lilikuwa langu, si lake. Yeye alidhani nimekuambia anaumwa tumbo. Kwa hiyo kama una hasira, ielekeze huku kitandani, ila ufanye haraka.

Kuna jambo jingine hulijui. Kila tuliporudi kutoka safari, yeye ameruhusiwa kurudi nyumbani lakini bado dhaifu, ulikuwa ukikaa kitandani kwake ukimsimulia, naye ameelekea ukutani. Ulidhani hasikii. Ulipotoka kwenda kucheza, alikuwa akigeuka na kuniuliza, "Hayo mapango kweli yanatoa upepo baridi, au mtoto anaongeza chumvi?" Nikimthibitishia, alikuwa akiomba nimsimulie tena, na siku nyingine akaketi, akala. Mpaka leo anaweza kukueleza ngazi za mnara wa taa zinavyozunguka na mahali ulipojigonga kichwa, na mnara wenyewe hajawahi kuukaribia.

Siku hizi ni mzima. Miaka mingi sasa anakunywa dawa zake bila kuficha, anapanda maua yake, anagombana na muuza mkaa kila akikuta gunia limejaa vumbi. Unaijua sauti yake kwenye simu. Hiyo ndiyo sauti ya mtu aliyepona, anayesubiri kuulizwa.

Juma lililopita nilimwambia nataka kukuandikia. Aliliweka bakuli chini kwa kishindo. "Kaka, uliniapia!" Nikamwambia kiapo chenyewe kinakaribia kubaki bila mwenyewe. Akaenda kusimama dirishani akinipa mgongo, nikadhani nimeharibu kila kitu. Kisha akasema, "Mwandikie. Ila uandike vizuri. Nilikuwa mgonjwa. Sikuwa nimemchoka."

Nimeandika kama alivyosema.

Nikamuuliza, je, atakwenda nanyi maporomoko? "Sijaalikwa," akasema. Na akialikwa? Akafikiri kidogo, halafu akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Nitakaa kiti cha dirishani, mapacha wanizibe njia, nisipate pa kushukia." Alipofika mlangoni akarudi. "Na historia yako ya uongo siitaki. Nataka mwanangu anionyeshe alipokuwa akisimama, basi."

Mwalike, Bi Maswali. Usimtumie ujumbe kupitia kwangu. Mpigie umwambie kwa mdomo wako kwamba kiti chake kipo. Na kama utashindwa kusema mengine, usiyaseme. Njia ni ndefu, mtayakuta mbele.

Maporomoko nendeni asubuhi, jua likiwa nyuma yenu, ndipo upinde wa mvua unapoonekana katika ule mvuke. Siku ile ulisimama kwenye kizuizi cha chuma umenuna, hutaki hata kunitazama. Maji yakakurushia manyunyu mpaka gauni likalowa chapa, na ghafla ukaanza kucheka, huku machozi bado yapo. Ni mahali pekee ambapo sikuwa na la kuongeza. Muonyeshe hapo.

Mimi sitakuwemo katika safari hiyo, na sina kinyongo. Nimekwisha kuona mawe ya kunitosha. Mkirudi mkanikuta, nisimulieni. Mkinikosa, simulianeni ninyi wenyewe.

Nisalimie mumeo, na wale mapacha uwabane mashavu kwa niaba yangu. Msalimie pia mama mkwe wako, mwambie navikumbuka vichekesho vyake. Mama yako hakutuma salamu. Amesema za kwake atazitoa mwenyewe. Mungu awafungulie njia, awape anga safi na miguu isiyochoka, na awarudishe nyumbani wote pamoja.

Wako akupendaye tangu ulipokuwa hujui kuhesabu,

Mjomba.