Jeneza la Mguu wa Theresia

Keko, Temeke
Dar es Salaam

Dada yangu Monika,

Shikamoo. Nimeamua kushika kalamu kwa sababu kwenye simu tunakatizana, na haya nataka uyasome polepole ukiwa umekaa. Magoti yako yanasemaje? Na mikorosho ya baba, mmeshapalilia chini yake au bado mnamngoja mtu? Sie huku tunapumua. Unaona, nimekaa Dar mpaka nasema "sie" kama wenyeji, lakini nikiota, naota niko Newala, ukungu wa asubuhi umefunika njia na ninaijua hata hivyo.

Uliuliza kwa nini wifi yako hakuja kwenye harusi ya mjukuu wako, nikakujibu kwamba anaumwa mguu. Nilikupa nusu ya jibu. Theresia hatembei, dada. Anajivuta kwa fremu ya chuma kutoka kitandani hadi mlangoni, na mlangoni ndipo safari yake inapoishia. Na aliyemfikisha hapo ni Hilari, mtoto wa shangazi yetu. Soma mpaka mwisho kabla hujasema nimezidisha.

Unakijua chama chetu cha kuzikana, cha watu wa Newala tulioko mjini. Kila mwezi tunakutana Boko, nyumbani kwa Hilari, kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti na ndiye mwenye baraza kubwa. Mtu akifa, chama kinanunua jeneza, kinakodi basi, kinalisha waombolezaji siku tatu. Majeneza hayo nayatengeneza mimi. Sijaona chama kinachozika vizuri kuliko chetu.

Mwaka jana nilisimama mkutanoni na pendekezo. Alikuwa amekuja karakana kwangu binti mmoja wakala wa bima, akitaka kitanda, na wakati nampimia mbao tukazungumza. Wazee wengi wa chama tunatibiwa kwa bima za watoto wetu. Ya kwetu inatokana na kazi ya Enesta, binti yetu mwalimu. Ni bima nzuri, siisemi vibaya. Lakini ina orodha yake na viwango vyake, na kisichokuwamo humo kinabaki juu yako: chuma cha kuungia mfupa, vifaa vya kutembelea, mazoezi ya viungo baada ya zile siku chache za mwanzo. Yule binti akanieleza kwamba ipo bima ya nyongeza. Haiondoi ile ya kwanza. Inakuja nyuma yake na kulipa yale iliyoyaacha. Kikwazo ni kimoja: mzee wa umri wetu hapokelewi peke yake, anapokelewa ndani ya kikundi kilichosajiliwa. Chama chetu kimesajiliwa. Kwa hiyo bila mkutano kukubali, mimi na Theresia tusingeweza kuingia hata tungeuza karakana.

Niliyasema yote hayo kwa utaratibu. Hilari aliniacha nimalize, akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Jamani, mnamsikia binamu? Fundi wa majeneza kaona hatufi haraka, sasa anataka tuugue kwanza. Hiki ni chama cha kuzika, Longino. Mwenye hamu ya kuugua akaugulie kwake."

Watu walicheka mpaka mama katibu akajifuta machozi kwa kanga. Nami nilicheka. Nikamjibu kwamba yeye nitamzika kwenye mbao za maboksi ya sabuni, wakacheka tena, nikaketi. Hapo ndipo nilipokosea. Angekuwa mtu baki ningekasirika na kudai kura ipigwe. Lakini mtoto wa shangazi ni mtani, na mtani hakasirikiwi. Pendekezo langu likafia ndani ya kicheko bila hata mtu mmoja kutamka kwamba hataki.

Mvua za masika zilipoanza, Theresia aliteleza bafuni. Paja likavunjika kule juu, linapoingia kwenye nyonga. Bima ya Enesta ililipa kitanda, daktari na chumba cha upasuaji, kama ilivyoahidi. Chuma ambacho daktari alikitaka hakikuwamo kwenye orodha. Tulikaa siku kumi na tisa tukichangisha, mguu umefungiwa uzito wa kuuvuta, na mfupa haukutusubiri. Alipopasuliwa, msuli ulikuwa umeshajikunja. Baada ya hapo yakaja mazoezi, nayo yakakatika pale kiwango kilipoisha, wakati ndiyo kwanza ameanza kukanyaga.

Kitanda cha pili yake alilazwa mama yake Bwana Murtaza, huyu anayeniuzia vitasa na bawaba hapa barabarani. Mfupa uleule, umri uleule, hata daktari mmoja. Wao walikuwa na bima ya nyongeza kupitia umoja wa wafanyabiashara. Alipasuliwa siku ya tatu, na mtu wa mazoezi alimfuata mpaka nyumbani kwa miezi kadhaa. Bibi yule ana mdomo mtamu. Wodini alikuwa akimwambia Theresia, "Inuka wewe, tutoroke, hapa uji hauna sukari." Siku moja akaja kutuona, anatembea kwa fimbo tu, mkononi bakuli la biriani. Nilimpokea, nikamshukuru kwa moyo kabisa, nikamwacha anazungumza na Theresia. Kisha nikaingia karakana kuchagua mbao.

Nilichagua mninga. Nilitengeneza jeneza lenye urefu wa mguu wa mtu mzima, nikalipiga msasa mara tatu, ndani nikaweka kitambaa cheupe. Theresia aliliona kutoka mlangoni.

"La mtoto wa nani hilo?"

"La mguu wako."

Alilikagua kwa macho. Halafu akasema, "Weka vishikio vizuri. Wasije wakasema tumezika kimaskini."

Siku ya mkutano nililipakia kwenye bajaji ya mizigo mpaka Boko. Nilipolishusha, watu walisimama. Wanawake wawili walianza kulia, wakidhani ni mtoto. Nikaliweka mezani, juu ya madaftari ya katibu. Hilari akaja mbio akiuliza ni nani.

"Ni mguu wa kulia wa Theresia," nikamwambia. "Mmegoma kuuguza. Basi uzikeni. Nataka basi, na nataka msiba wa siku tatu."

Akaanza kutabasamu. Nilimwona akitafuta kwa macho mtu wa kutabasamu naye, na hakumpata. Mama katibu alikuwa ameinamisha kichwa.

"Binamu," akasema kwa sauti ya chini, "huu si utani?"

"Ni utani. Ndiyo maana huwezi kunikasirikia."

Nakiri kwako, dada, kwamba nilisubiri sentensi ile tangu masika, na ilipotoka ilikuwa tamu kama nilivyotarajia. Kisha nikakaa chini kizingitini, nikanyoosha miguu, kama watani wanavyokaa kaburini kuzuia maiti isishushwe mpaka wakombolewe. Hakuna aliyethubutu kuniruka. Wakauliza wanikomboe kwa kitu gani, nikawaambia kwa kura. Katibu akasoma upya pendekezo langu la mwaka jana, maana alikuwa ameliandika, kicheko na yote. Mikono ikanyanyuka. Wa Hilari ulinyanyuka mwisho, nikamngoja mpaka uliponyooka kabisa.

Wiki iliyofuata yule binti wa bima alikuja kuandika majina. Alipofika kwa Theresia aliuliza habari za fremu, kisha kalamu ikasimama.

"Babu, bibi anaingia," akasema. "Ila huo mguu hapana. Hii haichukui jeraha lililokuwepo kabla ya kujiunga."

Nilimwomba arudie, nikidhani nimesikia vibaya. Akarudia, na alikuwa na haya. Sikumlaumu. Macho ya Theresia yamo, moyo wake umo, hata mguu wake wa kushoto umo. Watu wote wa Newala waliopo mji huu wanalindwa kwa sababu ya mguu wa kulia wa mke wangu, isipokuwa mguu wenyewe.

Sasa sikia kilichonikalia kooni. Muda wa kungoja ambao bima huwawekea wanachama wapya ulipokwisha, Hilari alipasuliwa ngiri. Bima yake ya kwanza ililipa sehemu, ya nyongeza ikamalizia, na siku ya nne akarudi Boko kwa miguu yake. Jumapili iliyofuata alikuja hapa Keko na jogoo, kumshukuru Theresia. Aliposhindwa kuanza, Theresia alimsaidia, akamtania kuhusu ngiri, wakacheka wote wawili mpaka Theresia akashika ubavu. Baadaye aliniambia amemsamehe, nami niache. Anaweza kuacha, mguu ni wake. Mimi ndiye ninayemshika mkono kila asubuhi kumpeleka bafuni, na kila asubuhi nausikia ule mkutano ukicheka. Sijaacha, dada. Nimejipima kwa uaminifu, na sioni dalili kwamba nitaacha.

Nisalimie shemeji, mwambie patasi aliyoagiza nimeipata na itakuja na mtu. Msalimie mama mdogo Felista aliyetulea, umwambie bado navaa sweta lake wakati wa kipupwe. Msalimie na katekista, mkwe wako. Akisikia habari za jeneza hili na kukunja uso, mwambie hakuna kilichozikwa, na kanisa halikuhusishwa. Na wewe nenda kaulize huko wilayani kama kikundi chenu cha akina mama kimesajiliwa. Kama kimesajiliwa, ingieni kwenye bima ya nyongeza sasa, wakati magoti yako yanauma tu na hayajavunjika. Mtu akiwachekesha kabla ya kura, mwambieni angoje nje.

Limebaki moja, na ndilo nililoandikia barua hii. Hilari anakuja huko msimu wa korosho. Atafikia kwako, kwa kuwa ni nyumbani kwa mjomba wake na ana haki hiyo. Mpe kiti. Mpe maji ya kuoga, mpikie ugali wa muhogo anaoupenda, usimnyime kitu. Akishakula ataanza utani, na wewe ni mtani wake kama nilivyo mimi, atakutazama akitegemea ucheke. Usicheke. Usimjibu, wala usikasirike. Mtazame tu mpaka amalize, kisha muulize kama ameshiba.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado anakutii katika mengine yote,

Longino